Magonjwa ya Neva Yanayoletwa na Kinga ya Mwili Baada ya Upasuaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mgonjwa na anayemuuguza. Ukiwa na haraka kwa sababu mgonjwa anapumua kwa shida, hamezi vizuri au miguu inaishiwa nguvu saa hadi saa, usisome kwa mpangilio: nenda swali la 8, kisha hospitali.

## Mambo ya msingi

1. Tunazungumzia magonjwa gani hasa?

Ni magonjwa ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Baada ya upasuaji matatu ndiyo yanayojitokeza zaidi.

La kwanza ni ugonjwa wa Guillain-Barré, uliopewa jina la madaktari wa Kifaransa walioueleza mwaka 1916. Unashika pande zote mbili za mwili, kwa kawaida kuanzia miguuni, na unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua.

La pili ni ugonjwa wa Parsonage-Turner, ulioelezwa na madaktari wa jina hilo mwaka 1948. Huu hushambulia neva za bega na mkono, mara nyingi upande mmoja: maumivu makali kwanza, udhaifu baadaye.

La tatu halina jina la mtu. Ni uvimbe wa neva unaotokea ndani ya siku 30 baada ya upasuaji, kwenye neva moja, kadhaa, au nyingi kwa pamoja. Mwaka 2010 madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha taarifa za wagonjwa 33 wa aina hii. Kwa kawaida tatizo kama hili hudhaniwa kuwa neva ilivutwa au kubanwa chumba cha upasuaji. Vipande vya neva vilipochunguzwa kwa hadubini, vilionyesha chembe za kinga zimejaa kuzunguka mishipa midogo ya damu ya neva.

2. Upasuaji unaamshaje kinga ya mwili ishambulie neva?

Kisu, kuchomwa kwa tishu na kupoteza damu vinaushtua mwili wote. Kinga huwaka, kisha hushuka kwa siku kadhaa, kisha hupanda tena. Katika kupanda na kushuka huko, chembe zilizokuwa zimedhibitiwa zinaweza kuponyoka. Maambukizi madogo yanayokuja na upasuaji, kama ya kidonda, mapafu au mkojo, nayo yanaweza kuwa ndiyo kichocheo chenyewe.

Njia iliyothibitishwa vizuri zaidi ni ya bakteria aitwaye Campylobacter jejuni, anayeleta kuharisha. Ganda lake lina sukari zinazofanana na zilizo juu ya neva, kwa hiyo kingamwili (protini za ulinzi wa mwili) zilizotengenezwa kumpiga yeye zinapiga na neva. Kwa upasuaji wenyewe mnyororo huo haujathibitishwa hatua kwa hatua. Ndiyo maana daktari makini atauliza pia kama uliharisha au ulikuwa na mafua wiki chache kabla ya operesheni.

3. Ni upasuaji wa aina gani, na nani yuko hatarini zaidi?

Karibu aina yoyote: mifupa, tumbo, moyo, mgongo, hata upasuaji wa kujifungua. Kidonda hakihitaji kuwa karibu na neva iliyougua. Mtu anaweza kufanyiwa upasuaji wa tumbo, bega ndilo likaugua.

Utafiti mwingine wa Mayo Clinic ulipitia wagonjwa 208 wa Guillain-Barré: 31 kati yao waliugua ndani ya wiki 8 baada ya upasuaji. Waliokuwa na saratani, au tayari wana ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, walijitokeza zaidi katika kundi hilo. Hata hivyo jambo lenyewe ni adimu. Guillain-Barré ya sababu zote humpata mtu 1 au 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na ya baada ya upasuaji ni sehemu ndogo ya hao. Si sababu ya kuahirisha operesheni unayoihitaji.

4. Je, ni kosa la daktari wa upasuaji au la sindano ya ganzi?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu lake liko kwenye saa na tarehe.

Neva iliyokatwa, kuvutwa au kubanwa inalalamika mara mgonjwa anapozinduka au ganzi inapoisha. Udhaifu wake unafuata eneo la neva moja, na haupandi kwenda kwingine. Mfano wa kawaida ni mguu unaoburuta vidole kwa sababu neva ya pembeni mwa goti ilikandamizwa kitandani. Mashambulizi ya kinga kwa kawaida yana pengo: mgonjwa anaamka salama, anatembea, pengine anaruhusiwa nyumbani, halafu baada ya siku au wiki ndipo mambo yanaanza. Tena hayaheshimu mipaka ya neva moja.

Pengo hilo linaweza kufichwa. Ganzi ya kuzuia neva inayodumu saa nyingi, dawa kali za maumivu, au mgonjwa kukaa siku kadhaa kwenye mashine ya kupumulia huficha siku ya kuanza. Kwa hiyo andika leo, kabla hujasahau: tarehe ya operesheni, siku ya mwisho uliyojiona mzima, siku ya dalili ya kwanza, na ilianzia wapi. Karatasi hiyo itamsaidia daktari wa neva kuliko picha nyingi utakazobeba.

## Dalili

5. Guillain-Barré inaanzaje?

Mara nyingi kwa ganzi na vichomi kama vya sindano kwenye vidole vya miguu na mikono, pamoja na maumivu ya mgongo au mapaja ambayo ni rahisi kuyasingizia kitanda cha wodi. Kisha udhaifu: kushindwa kupanda ngazi, kushindwa kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu. Unapanda kwa siku kadhaa. Walio wengi hufika kilele ndani ya wiki 2, na karibu wote ndani ya wiki 4.

Daktari akigonga goti kwa kinyundo, mguu haurushi, au unarusha kidogo mno. Uso unaweza kulegea pande zote mbili. Kuna na sura nyingine, iitwayo Miller Fisher, inayoanzia machoni: kuona vitu viwili viwili na kuyumba kama mlevi, huku nguvu za miguu zikiwa bado zipo.

Baada ya upasuaji ugonjwa huchelewa kutambulika kwa sababu kila mtu ana maelezo tayari: amelala sana, hajala, anaogopa kutembea kwa maumivu. Kipimo rahisi cha wodini ni kulinganisha na jana. Mgonjwa wa upasuaji anatakiwa kuwa na nguvu zaidi kila siku. Aliyetembea hadi chooni Jumatatu na Jumatano akahitaji watu wawili wa kumwinua, achunguzwe siku hiyo hiyo.

6. Na Parsonage-Turner?

Maumivu ya bega au juu ya mkono yanayomwamsha mtu usiku, makali kiasi kwamba vidonge vya kawaida havifui dafu. Hudumu siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Yanapoanza kupoa ndipo mtu anagundua mkono hauinuki, na misuli ya bega inasinyaa.

Mambo mawili unaweza kuyaangalia nyumbani. Simama ukisukuma ukuta kwa viganja, mtu aangalie mgongo wako: mfupa bapa wa bega ukichomoza nje kama bawa, neva inayoushikilia imedhoofika. Kisha gusanisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada ufanye duara. Vidole vikilala na kugusana kwa tumbo lake badala ya ncha, neva ya ndani ya mkono imeguswa.

Ukihema unapolala chali lakini ukikaa unapata nafuu, sema mara moja. Neva ya kiwambo cha kupumulia hutoka shingoni na inaweza kushambuliwa pia.

7. Ganzi karibu na mshono ni dalili?

Hapana. Neva ndogo za ngozi hukatwa katika karibu kila operesheni, na kipande chenye ganzi pembeni ya kovu ni kawaida. Kinachotia wasiwasi ni ganzi inayotanuka, inayotokea mbali na kidonda, au inayofuatana na udhaifu.

8. Lini ni dharura?

Nenda hospitali sasa hivi, usiku au mchana, ukiona lolote kati ya haya:

- kuhema, sauti kuwa ya puani, kupaliwa na maji au mate;
- kushindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, kwa sababu misuli ya shingo hudhoofika sambamba na ya kupumua;
- udhaifu unaoongezeka ndani ya siku moja;
- moyo kwenda mbio au polepole bila sababu, kuzimia, presha kupanda na kushuka;
- kushindwa kukojoa, au ganzi kati ya mapaja.

Kipimo cha nyumbani: vuta pumzi kamili, kisha hesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine, namba mbili kwa sekunde. Kwa kuwa namba zetu baada ya kumi ni ndefu, hesabu moja hadi kumi na urudie, mwingine akikunja vidole. Mtu mzima mwenye afya hufika karibu 50. Chini ya 20 ni hatari. Hata 30 ya leo baada ya 45 ya asubuhi inatosha kukupeleka.

Usijipe moyo kwa kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Katika ugonjwa huu oksijeni hushuka mwishoni kabisa, misuli ikiwa imeshachoka.

Dalili ya mwisho kwenye orodha ina uzito wa pekee kwa aliyechomwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Maumivu mapya ya mgongo, miguu kulegea na mkojo kuziba vinaweza kuwa damu iliyovuja na kuukandamiza uti wa mgongo. Hilo si ugonjwa wa kinga. Linahitaji MRI (picha ya ndani ya mwili) na upasuaji ndani ya saa chache, la sivyo ulemavu unabaki.

## Vipimo

9. Nitafanyiwa vipimo gani?

Uchunguzi wa mikono ya daktari ndio msingi: nguvu ya kila kundi la misuli kwa alama 0 hadi 5, kinyundo, na hisia. Vinavyofuata vinathibitisha.

Maji ya uti wa mgongo huchukuliwa kwa sindano kiunoni. Katika Guillain-Barré protini huwa juu huku chembe nyeupe zikiwa za kawaida. Chembe zikiwa nyingi, hasa zaidi ya 50, daktari atafikiria maambukizi au kitu kingine. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wengi baada ya upasuaji wa nyonga au goti, sema kabla sindano haijachomwa.

Kipimo cha umeme wa neva hupima kasi na ukubwa wa ishara, na sindano nyembamba husikiliza msuli. Damu hupimwa potasiamu, sukari, figo, vitamini na maambukizi. Pumzi hupimwa kwa kupuliza kwenye kifaa, mara kadhaa kwa siku.

10. Kipimo cha umeme kilitoka safi. Mbona bado ni dhaifu?

Pengine kilifanywa mapema. Neva iliyokatika au kuungua huendelea kupitisha umeme upande wa chini kwa siku kadhaa kabla ya kunyamaza, na dalili za msuli uliokosa neva huonekana baada ya wiki 2 hadi 3. Rudia wakati huo. Protini ya uti wa mgongo nayo inaweza kuwa ya kawaida wiki ya kwanza. Katika Guillain-Barré daktari mzoefu haachi kutibu eti kwa sababu karatasi ya siku ya 3 ni safi.

11. Ni nini kingine kinaweza kufanana nayo?

Mengi, na baadhi yanatibika kwa bei ndogo, ndiyo maana ni aibu kuyakosa.

Upungufu wa vitamini B1 ndio wa kuutazama kwanza kwa aliyepunguzwa tumbo au aliyetapika kwa wiki kadhaa baada ya operesheni. Unaweza kuleta udhaifu wa miguu unaopanda haraka, sawa kabisa na Guillain-Barré. Dripu ya glukosi bila B1 inaweza kuuzidisha na kuugusa ubongo, hivyo B1 hutangulia. Haingojwi majibu ya maabara.

Vitamini B12 ni hadithi nyingine. Gesi ya nitrasi oksidi inayotumika kwenye usingizi huizima B12 mwilini. Aliyekuwa na akiba ndogo anaweza kuanza ganzi na kuyumba wiki chache baadaye. Kwenye orodha hii weka pia potasiamu iliyoshuka, na udhaifu wa neva na misuli unaowapata waliokaa muda mrefu wodi ya mahututi wakiwa na maambukizi makali. Kubanwa kwa neva kumeelezwa swali la 4.

## Matibabu

12. Guillain-Barré inatibiwaje?

Kuna njia mbili zilizothibitishwa, na zinalingana kwa nguvu.

Immunoglobulini ni kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji damu wengi, zinazotolewa kwa dripu: gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito, kila siku kwa siku 5. Mtu wa kilo 60 hupata gramu 24 kwa siku, jumla 120. Inafaa kuanza ndani ya wiki 2 tangu dalili zianze.

Kusafisha plazma ni mashine inayotoa maji ya damu yenye kingamwili mbaya na kurudisha mbadala, kwa kawaida mara 4 hadi 6 ndani ya wiki 2, jumla ya mililita 200 hadi 250 kwa kilo. Huleta faida hata ikianza wiki ya 4.

Kuzifuatanisha zote mbili hakuongezi faida. Kusafisha plazma mara tu baada ya immunoglobulini kunaosha dawa uliyoinunua kwa gharama kubwa.

Kwa aliyetoka kwenye upasuaji kuna tahadhari. Immunoglobulini huongeza uwezekano wa damu kuganda, na mgonjwa huyu tayari amelala bila kutembea. Inalemea figo, hivyo maji mwilini yatoshe na dripu iende polepole. Kichwa kuuma ni kawaida. Damu ya vipimo vya kingamwili, kama vya homa ya ini, itolewe kabla ya dripu ya kwanza, kwani baadaye vitaonyesha kingamwili za wachangiaji, si zako.

13. Mbona sipewi steroidi (dawa za kutuliza kinga na uvimbe), wakati jirani mwenye ugonjwa wa neva alipewa akapona?

Kwa sababu si ugonjwa mmoja. Katika Guillain-Barré steroidi peke yake hazisaidii, na zile za vidonge zinaweza kuchelewesha kupona. Katika uvimbe wa neva wa aina ya tatu (swali la 1) steroidi za mshipani hutumika, na wagonjwa wa Mayo waliotibiwa kwa dawa za kinga na kufuatiliwa walipata nafuu. Ndiyo maana jina la ugonjwa lijulikane kabla ya dawa.

Katika Parsonage-Turner baadhi ya madaktari hutoa prednisoloni, aina ya steroidi, miligramu 60 kwa siku kwa wiki moja, kisha kuishusha wiki ya pili. Inapunguza maumivu ikianza mapema, ingawa ushahidi wake si mzito. Inapandisha sukari, inachelewesha kidonda kufunga na inaficha homa ya maambukizi, kwa hiyo daktari aliyekupasua ahusishwe.

14. Bado natembea. Kwa nini wananilaza karibu na wodi ya mahututi?

Kwa sababu mtu 1 kati ya 4 hivi wa Guillain-Barré huishia kwenye mashine ya kupumulia, na mashine inayowekwa kwa utaratibu mchana ni salama kuliko inayowekwa usiku kwa kukimbizana. Madaktari huangalia ujazo wa pumzi: ukishuka chini ya mililita 20 kwa kilo, au ukipungua kwa theluthi, wanajiandaa. Pia wanakuchunga mapigo ya moyo, presha, utumbo na kibofu.

## Kupona

15. Itachukua muda gani?

Inategemea kilichoharibika. Ikiwa ni ganda la nje la neva tu, wiki hadi miezi michache. Ikiwa uzi wa ndani umekatika, unaota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka bega hadi misuli ya kiganja ni zaidi ya sentimita 60, yaani siku 600 na ushei, na msuli uliokaa muda huo bila neva huenda usiitikie.

Katika Guillain-Barré karibu watu 8 kati ya 10 hutembea wenyewe baada ya miezi 6. Wachache hufariki, zaidi kwa matatizo ya kupumua, moyo, maambukizi au damu kuganda. Uchovu hubaki muda mrefu hata nguvu zikirudi, na si uvivu. Katika Parsonage-Turner nguvu nyingi hurudi ndani ya miaka 2 hadi 3.

16. Nifanye mazoezi kiasi gani?

Mwanzoni kazi ni kulinda viungo: kukunja na kunyoosha kila kiungo mara kadhaa kwa siku, kugeuzwa kitandani kila saa 2, na kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu ili kisikakamae kikiwa kimeelekea chini. Bega lililodhoofika lisivutwe mtu anapoinuliwa. Shika kiwiliwili, usimshike kwapani.

Nguvu zikianza kurudi, ongeza kidogo kidogo. Ukiamka kesho dhaifu kuliko jana, ulizidisha. Punguza nusu, usiache kabisa.

17. Nilipata nafuu, sasa udhaifu umerudi.

Katika Guillain-Barré, ukirudi ndani ya wiki 8 tangu ugonjwa uanze, mara nyingi ni dawa imeisha nguvu kabla shambulio halijaisha, na dozi hurudiwa. Ukiendelea kuzidi baada ya wiki 8, au ukirudi mara 3 au zaidi, huenda ni aina sugu iitwayo CIDP. Hiyo huitika kwa steroidi na inahitaji matibabu ya muda mrefu.

## Hali za pekee

18. Naweza kufanyiwa upasuaji tena?

Ndiyo. Guillain-Barré hurudi kwa wachache, kama 2 hadi 5 kati ya 100. Parsonage-Turner hurudi zaidi, kwa mtu 1 kati ya 4 hivi. Upasuaji usio wa lazima ungoje hadi neva zitulie.

Mwambie mtaalamu wa usingizi mapema, na iandikwe kwenye faili. Dawa ya kulegeza misuli iitwayo saksametoniamu haitakiwi kwa mwenye misuli iliyokosa neva: inaweza kumwaga potasiamu kwenye damu na kusimamisha moyo. Zipo mbadala.

19. Na chanjo?

Kuwa na historia ya Guillain-Barré hakukufungii chanjo zote. Zungumza na daktari kwanza ikiwa bado hujamaliza mwaka tangu uugue, au ikiwa ugonjwa ulikuja muda mfupi baada ya chanjo ileile. Baada ya immunoglobulini nyingi, chanjo hai kama ya surua haishiki vizuri kwa miezi hadi 11.

20. Nimejifungua kwa upasuaji. Naweza kunyonyesha nikiwa kwenye matibabu?

Immunoglobulini haizuii kunyonyesha. Kinachohitaji mpango ni mikono: mama asiye na nguvu za kutosha amnyonyeshe mtoto akiwa amelala ubavu, mtu akiwa pembeni, na asimbebe akitembea hadi nguvu zirudi. Kabla ya kumeza dawa za maumivu ya neva kama gabapentini, uliza kuhusu mtoto.

21. Nina kisukari. Nitajuaje kama ni kisukari au ni hili?

Ganzi ya kisukari hujijenga kwa miaka, sawasawa miguu yote miwili. Iliyozidi ndani ya wiki baada ya operesheni, au iliyoanza kwa maumivu makali ya paja au nyonga upande mmoja na kufuatiwa na udhaifu, si ya kuandikiwa kisukari bila kuchunguzwa. Peleka tarehe ulizoandika (swali la 4) pamoja na daftari lako la sukari.